Moto wa Malisho Ufuate Mvua

Mwenye kutaka kujua mbuga zetu zitawaka kiasi gani mwezi wa nane, na atazame mvua za mwezi wa nne. Masika yakiwa mazuri, nyasi hurefuka, mifugo haizimalizi, na kiangazi huzikausha zikawa kuni. Ukame ukibana, nyasi huliwa hadi shinani na moto hukosa cha kula.

Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanaijua hesabu hiyo. Huchoma ili waondoe nyasi kuukuu, waue kupe wanaoleta ndigana kali na wapate malisho mabichi. Mchomaji mzoefu hushika shada la nyasi akalivunja: ncha ikikatika kwa mlio na shina likipinda kwa unyevu, wakati umefika. Moto wa siku hizo hutambaa, na umande wa usiku huuzima. Miezi miwili baadaye, upepo ukishika kasi, njiti ileile huteketeza mizinga, miti na maboma.

Marufuku za kuchoma zilizaliwa na hofu hiyo, na ni hofu ya haki. Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini tukumbuke Ngorongoro. Uchomaji ulizuiwa huko miaka mingi, nyasi ndefu zikawa maskani ya kupe. Ukame wa mwaka 2000 ulipowadhoofisha wanyama wa kreta, kupe waliwaelemea, na mamia wakafa, wengi wao nyati. Mwaka 2001 moto wa kupangwa ukarudishwa, na kupe wakapungua.

Sasa majira yenyewe yanayumba. Vuli ya 2019 ilifurika Afrika Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa 2020, kaskazini mwa Kenya kulikosa mvua misimu mitano mfululizo. Tarehe moja ya kuchoma haiwezi kufaa miaka ya namna hiyo. Anayechoma wakati wa ukame anateketeza akiba ya mwisho, maana nyasi hazichipui kwenye udongo mkavu. Anayekataza moto baada ya mvua kubwa analimbikiza kuni za janga la Septemba.

Kwa hiyo uamuzi ufanywe kijijini, kila mwaka, masika yakiisha. Wafugaji, wakulima, warina asali na ofisa misitu wakae pamoja, wasikilize utabiri wa hali ya hewa, wagawe vipande vya kuchomwa na vya kuachwa, na wasafishe njia za kuzuia moto kwanza. Kisha waende mbugani wavunje shada la nyasi. Likikatika lote hadi shinani, wamechelewa. Kiberiti kirudi mfukoni.