Makala ndani ya udongo: inafunga sumu, haifute deni

Raia wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi,

Kuna neno linazunguka sasa kila mara watu wanapoongea juu ya mashamba yenye sumu: bayochari, ni kusema makala ya kutia ndani ya udongo. Wengine wanaisifu kama vile ni sabuni: unatia, sumu inatoka, mambo kwisha. Sisi vijana hatukatae dawa hiyo. Lakini wamama wanaolima lengalenga na matembele wanapashwa kujua dawa inafanya nini kweli, juu mboga ile inafika kwenye sahani ya watoto wetu wote.

Tuanze na udongo wenyewe. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka wa 1911, wakati wa Union Minière, kisha kikaingia mikononi mwa Gécamines. Miaka na miaka upepo ulisukuma moshi wake upande wa kaskazini-magharibi. Ndani ya moshi ule mulikuwa vumbi la shaba, zinki, risasi na kadmiamu, pamoja na gesi ya salfa inayofanya udongo kuwa na asidi. Mwenye kupita Penga Penga anajionea: ardhi imebaki uchi. Na metali haiozi. Ganda la muhogo litaoza, jani la muembe litaoza, lakini kadmiamu iliyoanguka wakati wa babu zetu ingali pale.

Sasa makala. Unachukua masalio ya mimea, unayachoma bila hewa ya kutosha, kwa joto la digrii 300 mpaka 700. Inayobaki ni makala yenye vitundu vidogo sana, na majivu yake yanapunguza asidi. Hapo ndipo siri iko. Udongo ukiwa na asidi, shaba na kadmiamu zinayeyuka ndani ya maji, muzizi unazinywa. Asidi ikipungua, metali zinakamatwa, zinaganda kwa udongo na kwa makala, na mumea unakunywa kidogo. Kwa hiyo sumu haitoke. Inafungwa tu. Mwizi yuko ndani ya chumba, mlango umefungwa, lakini yeye angali nyumbani mwetu. Asidi ikirudi, mlango unaweza kufunguka. Ndiyo maana kutia mara moja na kupiga picha haitoshi. Inaomba kupima tena, muhula kwa muhula.

Kuna jambo lingine watu wa semina hawapendi kulisema: si kila sumu inatii. Arseniki mara nyingi inafanya kinyume, asidi ikipungua inaanza kutembea. Shamba lisilopimwa, hakuna mwenye kujua anafunga nini na anafungua nini. Tena makala haizuie vumbi la kamio kuanguka juu ya majani, wala haisafishe maji machafu ya kunyweshea. Mboga zioshwe vizuri, hata kama udongo umetiwa dawa.

Na hesabu? Tani 20 kwa hektari ni kilo 2 kwa kila metre ya mraba. Kitalu kidogo cha metre 10 za mraba kinaomba kilo 20. Mama anayehesabu makala ya kupikia bugali atatoa wapi hiyo? Msimwambie aende kukata miti: miombo imekwisha kuenda mbali na muji kwa sababu ya makala ya jikoni. Kuna vigunzi vya mahindi, maganda ya karanga, maganda ya muchele. Vitoke tu mahali pasipo na sumu, maana mumea uliokulia kwenye metali unaibeba mpaka ndani ya makala.

Pako pia mahali ambapo hapafae kulima chakula hata kidogo. Penga Penga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipanda majani yanayovumilia shaba, wakatia chokaa na mbolea ya asili, ili ardhi ifunikwe na vumbi lisiruke. Ni kazi ya akili. Isiachwe ibaki kwenye karatasi.

Lakini nani analipa? Katiba, kifungo cha 53, inampa kila mutu haki ya kuishi mahali pazuri kwa afya yake. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema anayechafua ndiye anagharamia. Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inaomba kampuni zitoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Hatukubali mifuko ya makala igeuke manukato ya kufunika harufu, huku moshi na maji machafu vinaendelea kutoka.

Kwa hiyo tunaomba Leta na jimbo: kwanza, uchafu ukomeshwe pale unapotokea, juu kufunga sumu ya jana huku unaongeza ya leo ni kazi bure. Udongo na mboga za masoko vipimwe na chuo kikuu, na majibu yabandikwe kwenye kila komini, kwa Kiswahili. Mashamba yanayoweza kuponywa yapewe makala na chokaa kwa gharama ya waliochafua. Na wamama watakaokatazwa kulima wapewe shamba lingine safi mbele ya kufukuzwa, si kisha.