Hiki ni cha Watoto

Msomaji, simama siku moja sokoni Sio Port, mahali wauzapo viazi vitamu karibu na omena, usikilize. Mnunuzi hukikwaruza kiazi kwa ukucha, akiona ndani yake rangi ya chungwa, hukirudisha katika fungu na kusema, “Hiki ni cha watoto.” Husema hivyo kwa dharau, kisha hununua cheupe. Mimi nasema amenena kweli asiyoijua, na ubishi wangu leo ni juu ya kweli hiyo.

Umefundishwa tangu madarasa ya chini kwamba karoti ni dawa ya macho. Fundisho hilo si la uongo. Kile kinachoipa karoti rangi yake huitwa karotini, nao mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa vitamini hiyo, kwanza haoni vyema jua litakapo kuchwa. Akizidi kuikosa, jicho hukauka, na mwisho aweza kupofuka kabisa. Wala si macho peke yake: surua na kuhara humwua mtoto wa namna hiyo upesi kuliko mwenzake. Miongoni mwa watoto ulimwenguni, hakuna sababu ya upofu unaozuilika iliyo kubwa kuliko upungufu huu.

Kosa liko wapi, basi? Liko katika kudhani kwamba karoti ndiyo njia ya pekee. Sisi twakaa kando ya ziwa, kwenye kimo cha kama mita 1,130, penye joto. Karoti hupenda baridi ya Kinangop na Meru. Ukiipanda penye joto jingi hupauka, hata ladha yake huwa kali. Na udongo ukiwa mzito, hupinda. Tena aina zitokazo Ulaya hazitoi mbegu ila zipitiwe na baridi kwa majuma kadhaa, hivyo mkulima wa Samia hana budi kununua mbegu mwaka hata mwaka. Sikukatazi. Ukitaka kujaribu kitalu kimoja nyuma ya jiko, penye maji na udongo wa kichanga, jaribu. Tena panda za zambarau na za manjano pamoja na za chungwa, upate kuona ajabu. Lakini usimwambie mama mwenye watoto watano kwamba macho yao yategemea pakiti ya mbegu ya dukani.

Hata hivyo karoti ina jambo la kutufunza. Zile za kwanza kulimwa, yapata miaka 1,000 iliyopita katika nchi za Afghanistan na Uajemi, zilikuwa za zambarau na za manjano. Hii ya chungwa, ambayo sisi twaiona ndiyo karoti hasa, ilienea kutoka Uholanzi katika karne ya 17. Ilikuwa ngeni, ikazoewa. Kiazi kitamu nacho, cheupe kwa cha chungwa, asili yake ni Amerika, sawasawa na mahindi. Basi yule adaiye kwamba cheupe ni cha mababu na cha chungwa ni cha wageni, atuambie ni babu yupi. Wazee wakumbuka ukame wa mwaka 1984, mahindi ya manjano yalipoletwa nchini kutoka ng'ambo: watu waliyala huku wakiyatukana, na njaa ilipopita wakaurudia unga mweupe kana kwamba weupe ni lishe!

Wapo wanipingao kwa hoja yenye uzito. Husema kiazi cha chungwa kina maji, hakina ule ukavu wa unga umshibishao mtu aliyevua usiku kucha. Nakiri, aina za kwanza zilikuwa hivyo hasa. Lakini watafiti hawakulala. Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu, Robert Mwanga na wenzake walizalisha aina zenye unga zaidi, miongoni mwake Kabode na Vita, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 2007, na leo hulimwa upande huu pia. Mwaka 2016 Mwanga alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Hapa hapa Busia, na Bungoma pia, miaka ya mwanzo ya 2010 akina mama wajawazito waliohudhuria kliniki walipewa hati za kujipatia marando. Mvuvi na ale cheupe chake akipenda. Mimi naomba matuta mawili tu kwa ajili ya wanawe, kwa kuwa kiazi kimoja cha kadiri chatosha haja ya mtoto mdogo kwa siku, hasa kikiliwa na mafuta kidogo, maana pasipo mafuta karotini haiingii mwilini vyema. Kiazi cha kuchemsha kwa omena wa kukaanga: nani atasema hicho si chakula cha hapa?

Adui mkubwa ni kiangazi, kikaushacho marando yote shambani. Nawe waweza kumshinda. Ukivuna, chagua viazi vidogo visivyotobolewa na fukusi, uvipange katika beseni lenye mchanga mkavu, ndani ya nyumba, mahali pasipo joto. Majuma sita hadi manane kabla ya mvua, vihamishie kitaluni, uvimwagilie maji. Vitachipua, nawe utakata marando ya kukutosha na kusaza. Yanayosalia, usiyatupe. Mpelekee yule mnunuzi wa sokoni.