UCHAMBUZI: Kozi za ukoo mtandaoni zinamfaa vipi mtu wa delta ya Rufiji?

Ukiwa na simu janja na bando, leo unaweza kukaa Kibiti mjini ukajifunza kutafuta ukoo wako bila ada. FamilySearch ina masomo ya bure, na Chuo Kikuu cha Strathclyde cha Scotland kimewahi kutoa kozi ya wiki sita kupitia FutureLearn.

Je, zinamsaidia mjukuu wa Mndengereko aliyezaliwa Salale au Mbwera?

Kwa kiasi tu. Nyingi zimetungwa kwa nchi ambazo jina la ukoo ni lilelile kizazi hadi kizazi, na kila mtoto ameandikwa kwenye daftari la kanisa au serikali. Huku kwetu Juma Saidi Omari anamzaa Hamisi Juma Saidi, na Omari ndiyo kashatoka. Ukimtafuta kama jina la ukoo, utaletewa maelfu ya kina Omari wasiokuhusu.

Majina ya mahali nayo yanachanganya. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali ilihamisha watu wengi wa bonde la Rufiji kwenda vijiji vipya vya mwinuko. Kijiji anachokitaja babu huenda hukioni kwenye ramani ya simu.

Pagumu zaidi ni Vita ya Kwanza ya Dunia. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta hii hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatumika kwenye vita vya nchi kavu, ikikokotwa kwa nguvu za watu. Upande wa Waingereza nao ulichukua wapagazi kwa wingi, na wengi hawakurudi makwao.

Sasa fungua kanzidata ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita ya Uingereza na washirika wake. Ripoti yake ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo usipomwona babu yako humo, usidhani hakwenda vitani.

Kozi hizo zinafaa kwenye mbinu: kuhoji wazee, kulinganisha habari, kusoma majalada. Nyaraka za makoloni ya Ujerumani zipo Bundesarchiv, Berlin, na sehemu yake inasomeka mtandaoni. Ila ujue Mjerumani aliandika alivyosikia, hivyo Juma jaribu pia Djuma au Dschuma.

Tuseme ukweli, anza na bibi. Bibi wa miaka 80 leo alizaliwa miaka ya 1940, na huenda baba yake aliiona vita ile. Mrekodi kwa simu, muulize nani alimzaa nani, walihama wapi, nani alipanda jahazi la boriti akaenda Arabuni. Za walio hai usiweke mtandaoni bila ruhusa yao. Kama mna ndugu Mombasa au Muscat, watumie sauti hiyo WhatsApp, nao waongeze majina wanayoyajua.