Baba yuko wapi katika picha za Kihindi?

Wapenzi wa picha za Kihindi hapa pwani ni wengi, nami ni mmoja wao. Bibi na mjukuu huweza kuzitazama pamoja bila ya kuoneana haya, na hata asiyejua Kihindi husikia maneno ya kwao: dunia, kitabu, wakati. Lakini liko jambo moja ambalo ningependa wasomaji tulitazame kwa makini. Mama yumo siku zote katika picha hizi. Baba je?

Tuchukue Mother India, iliyotengenezwa na Mehboob Khan mwaka 1957. Radha, ambaye ni Nargis, anaolewa na mkulima maskini. Jiwe kubwa linamponda mume mikono, anakuwa hana mikono tena, na kwa aibu anaondoka usiku asirudi. Mama ndiye anayelima, ndiye anayepambana na njaa na mkopeshaji, ndiye anayelea wana. Mwishowe anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, ili kuilinda heshima ya msichana wa watu. Hapo ukumbi mzima hulia. Habari za yule mume hakuna anayeziuliza.

Ikaja Deewaar mwaka 1975. Baba, kiongozi wa wafanyakazi, anatishwa na tajiri kwamba jamaa zake watauawa. Anatia sahihi, wenzake wanamwona msaliti, naye pia anatoroka. Watu wanamkamata mwanawe Vijay na kumchora mkononi maneno yasiyofutika, kwamba baba yake ni mwizi. Sisi tunaikumbuka zaidi ile beji ya 786 ya Amitabh Bachchan, nambari ambayo Waislamu wa Bara Hindi huitumia kuashiria Bismillahi. Kwangu mimi, picha yote imo katika ule mkono wa mtoto.

Sina ugomvi na sifa za mama. Ninachokitilia shaka ni sifa zinazomtwisha mzigo wa watu wawili kisha zikamwita hodari. Tangu miaka ya 1970 wanaume wengi wa pwani wamekwenda Ghuba kutafuta riziki ya halali, na siku hizi hata kina mama huenda. Siwafananishi na waliotoroka. Lakini wako watoto wamjuao baba kwa sauti ya simu na sanduku la nguo, na tumezoea mno kuona kwamba akishatuma fedha amemaliza kulea.

Na baba akiwepo nyumbani? Katika Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001, baba ni amri tupu. Anamfukuza mwana kwa kuoa msichana asiye wa hadhi yao, na mama ananyamaza kwa miaka. Mwishoni baba anakiri kuwa alimpenda mwanawe siku zote ila hakuweza kumwambia. Watazamaji hufurahi kwa kuwa watu wamepatana. Mimi nilihesabu miaka iliyopotea kwa neno moja lililokwama kooni.

Wako watakaosema kwamba ukali huo ndio adabu ya wazee wetu. Nawauliza, wazee gani? Katika Kurani iko sura iitwayo kwa jina la Luqman, na humo baba anazungumza na mwanawe, anamuusia kwa upole. Mwana Kupona naye alimtungia binti yake utenzi mzima. Hao hawakunyamaza.

Picha iliyonigusa zaidi ni Taare Zameen Par ya mwaka 2007, ya Aamir Khan. Ishaan ni mtoto wa miaka minane asiyeweza kusoma kwa kuwa herufi humchanganyikia. Baba si mtu mwovu. Anafanya kazi na kulipa ada. Lakini anaona uvivu na ukaidi, akampeleka shule ya bweni. Siku anayokwenda huko anamwona mwanawe amesimama peke yake mbele ya ubao wa matangazo, akijikokota neno kwa neno. Baba anasimama mbali, machozi yanamlengalenga, kisha anageuka na kwenda zake.

Nyumbani picha kama hii hutazamwa na mama na watoto, baba yuko barazani na kahawa yake. Naomba jioni moja tu abaki. Ni ndefu kidogo, lakini ikianzishwa baada ya Isha, saa tano haitapita sana.