Mbwa na Mtoto Mwenye Hofu

Wengi wetu tukisikia ya kwamba huko Marekani mtoto mwenye ugonjwa wa hofu hupewa mbwa aliyefundishwa, akae naye nyumbani na wakati mwingine aende naye hata darasani, hucheka. Kwetu mbwa ni askari wa usiku asiye na mshahara. Hula makombo, hulala nje, na mchana hupigwa mawe na kila mtoto apitaye. Mimi nasema kicheko hicho hakina haki, na yafaa nianze na hao mbwa wenyewe, maana wanaocheka hawajui kazi yao.

Mbwa wa namna hiyo amefundishwa. Mtoto akianza kutetemeka na pumzi kumwenda mbio, mbwa humlalia mapajani kwa uzito wake wote mpaka atulie. Akipata jinamizi, humwamsha. Akianza kujikwaruza ngozi, mbwa humsukuma mkono kwa pua mpaka aache. Penye msongamano wa watu humwongoza kutoka nje. Sheria ya Marekani yatofautisha waziwazi: mbwa aliyefundishwa kazi kama hizo ahesabiwa kuwa mbwa wa huduma, sawa na yule amwongozaye kipofu, lakini mbwa ambaye faida yake ni kufariji kwa kuwapo tu hahesabiwi hivyo. Kumfundisha mmoja mara nyingi huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na gharama yake ni maelfu ya dola. Wala fikra hii si ya jana. Boris Levinson, mtaalamu wa nafsi za watoto wa New York, aliandika habari zake mwaka 1962, baada ya kuona ya kwamba mtoto aliyekuwa mzito wa kusema na watu alikubali kucheza na mbwa wake Jingles, na kwa njia ya mbwa akaanza kumzoea na mwenye mbwa.

Je, watoto wa namna hiyo hatunao hapa Osukuru? Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kijana 1 katika kila 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, na hofu na huzuni ni miongoni mwa yaliyo mengi. Chukua darasa la watu 70, ambalo kwetu si ajabu, uhesabu mwenyewe. Tena twawajua. Yuko yule atapikaye kila asubuhi ya mtihani. Yuko yule asiyelala, taa zikizimwa huketi kitandani akaufunika uso kwa blanketi. Yuko yule aliyekuwa hodari wa kandanda, muhula uliofuata akaacha mpira, akaacha kula, akaacha kujibu salamu, nasi tukasema ana maringo. Twawaita wavivu, au twasema wamerogwa, na wako wanaochapwa ingawa sheria ya Uganda ya mwaka 2016 imekataza viboko shuleni. Kisha siku moja mwenzetu harudi kutoka likizo, jina lake lakatwa daftarini, na sisi twagawana nafasi ya sanduku lake bwenini. Ukimtajia mtu hospitali, atakwambia, "Kwani mimi wa Butabika?" Hospitali hiyo iko mbali, Kampala, na jina lake tumeligeuza kuwa tusi.

Lakini sina haja ya kukaa Marekani, kwa maana jambo hili limekwisha kufanyika hapa hapa Uganda, katika mji wa Gulu. Mnajua vita vya Joseph Kony vilivyoanza miaka ya 1980 na kuisumbua kaskazini mpaka mwaka 2006. Watoto walitekwa kwa maelfu. Mwaka 1996 wasichana 139 walichukuliwa usiku mmoja katika shule ya Aboke, na mwaka 2003 vita vilipofika Teso, kwa ndugu zetu, wasichana wa shule ya Lwala nao walichukuliwa. Waliorudi walirudi na miili, lakini usingizi wao haukurudi. Wengine walikataliwa na jamaa zao wenyewe.

Huko ndiko alikokulia Francis Okello Oloya. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipofushwa na bomu lililolipuka. Akaenda shule ya bweni, na kila aliyelala bwenini ataelewa shida yake: kwenda chooni usiku, hali haoni, na kumwamsha mwenzake kila mara ni aibu. Waliomsaidia ni mbwa waliokuwa pale shuleni. Walimzoea, wakawa wanamsindikiza gizani kwenda na kurudi. Alipokuwa mtu mzima, amesomea elimu ya nafsi, aliliongoza jambo ambalo mbwa wale walimfunza. Katika kazi hiyo, iliyoanzia chini ya shirika liitwalo The BIG FIX Uganda, mbwa wa mitaani waliookotwa hutibiwa, huchanjwa, hufungwa uzazi, kisha kila mmoja hupewa mtu aliyeumizwa na vita. Mtu na mbwa hufundishwa pamoja kwa majuma mengi, na mtu hupata pia mashauri ya wataalamu. Wakimaliza, huenda vijijini na shuleni kuwaeleza wengine namna ya kumtunza mnyama. Wengi wa watu hao ni wazima sasa, lakini majeraha yao ni ya utoto. (Kwa Kiacholi mbwa ni gwok, na gwoko ni kutunza. Sijui kama maneno hayo ni ndugu, ila yanapendeza yakikaa pamoja.)

Ninalolipenda katika habari ya Gulu ni kwamba mbwa hakuletwa kwa ndege. Ni mbwa kama hawa wetu, wafuatao malori barabarani kwenda Malaba wakingoja mfupa wa dereva. Tena mtu hapewi mbwa apumzike, apewa mzigo. Hana budi kuamka amlishe, atoke nyumbani amtembeze, na siku ya mafunzo aonane na wenzake wenye taabu kama yake. Mwenye huzuni kuu hujiona hafai kitu wala hangojwi na mtu. Mbwa humngoja mlangoni kila jioni, wala hamwulizi alikuwa wapi miaka ile.

Basi nasikia wapinzani wangu. Wa kwanza atasema habari ya kichaa cha mbwa, naye ana haki kuogopa. Katika kila watu 100 wanaokufa kwa maradhi hayo, 99 huyapata kwa mbwa, na katika kila 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikianza, karibu hakuna aponaye. Lakini chanjo ipo tangu Louis Pasteur mwaka 1885, na wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa mahali, maradhi hukatika. Jiwe halichanji. Mbwa apigwaye mawe hukimbia, na siku ya sindano hakamatiki. Na aumwaye na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Haya yangebandikwa katika kila bweni kabla hatujabandika ratiba ya mechi.

Wa pili ni wenzetu Waislamu. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi huku Afrika ya Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba. Haiwi haki kumweka mbwa bwenini, mtu akalazimika kufua nguo kabla ya sala kwa sababu ya ugonjwa wa jirani yake. Na hata nje ya dini, yuko mwanafunzi aliyeumwa utotoni, ambaye hofu yake ndiyo mbwa. Kwa hiyo mimi sitaki mbwa bwenini.

Wala sitaki mbwa awe badala ya daktari. Mtoto asemaye kwamba amechoka kuishi apelekwe hospitali leo, asingojeshwe mpaka mbwa afundishwe.

Ninachokitaka ni kidogo. Wanafunzi walalao nyumbani, wenye taabu hii, wazazi wao wakikubali na mwuguzi akiona yafaa, wapewe mbwa mchanga mwenye chanjo na mtu wa kuwafundisha wote wawili, kama walivyofanya Gulu. Walalao bwenini wamtunze kwa zamu mbwa mmoja wa langoni, akae kwa askari, na asiyetaka asilazimishwe. Ninyi ndugu zetu mliotutangulia, wengine wenu ni madaktari wa mifugo, wengine wauguzi. Twaomba sindano na Jumamosi moja ya muda wenu. Mlio ng'ambo ya Malaba na Busia, upande wa Kenya, tafadhali msivushe mbwa kwa njia za panya ili kutusaidia. Mbwa wa kuvuka mpaka ahitaji cheti cha chanjo na kibali, na hapa mbwa hatujapungukiwa.

Jumamosi hiyo kila mbwa aje na kamba shingoni, na mtoto aliyemleta ndiye amshike wakati wa sindano.