Diani, Watamu ama Kilifi? Hilo swali lenyewe ni mbaya

Kila Desemba inboksi yangu inajaa: "Nataka kanyumba ka likizo Pwani, ninunue Diani, Watamu ama Kilifi?" Wasee, mnauliza kama mtu anachagua soda. Hakuna anayeuliza nani anaishi hapo saa hii.

Mimi ni wa Kilifi. Bibi yangu amezeeka chini ya minazi aliyopanda babu, na makaburi ya wakwe zake yako pale nyuma ya jiko. Hati hana. Si uvivu. Mwaka wa 1908 mkoloni alileta sheria ya kusajili ardhi ya Pwani. Shamba ambalo dai lake halikukubaliwa likawa la serikali, na Wamijikenda wengi wakageuka maskwota kwa mashamba ya babu zao. Uhuru ukaja, karatasi zikabaki vilevile.

Mgeni kutoka ng'ambo, Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi ardhi hadi miaka 99. Bibi hana karatasi ya hata mwaka mmoja.

Juzi broka alikuja na droni. Kwa video yake unaona bahari, mchanga, "ploti safi haina mtu". Paa la bibi linaonekana kwa kona, sekunde moja hivi.

"Lakini tunaleta kazi!" Kazi gani? Nyumba ya kufunguliwa wiki mbili kwa mwaka inaajiri soja mmoja na mbwa.

Sisemi msinunue. Fanya sachi, sawa, lakini sachi haionyeshi makaburi. Enda mwenyewe, bila broka, uulize wazee hiyo minazi ilipandwa na nani. Ukitajiwa mtu ambaye hajauza, rudi na doo zako Nairobi.