Bunduki ya mgeni isiingie bila bima

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1. Katika msimu huo, viwanja vyetu vya ndege hupokea silaha ambazo bei yake wengi hawaidhanii. Bunduki mpya ya mitutu miwili iliyotengenezwa kwa mkono na Holland & Holland wa London huvuka pauni 100,000. Ni kampuni hiyo hiyo iliyotengeneza ile aliyokuja nayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipoteremka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya kuwinda.

Thamani yote hiyo husafiri kwenye buti la ndege, pamoja na masanduku ya nguo. Ikipotea, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imejiunga nao, unalibana shirika la ndege lilipe lakini kwa ukomo: tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), karibu dola 2,000. Hizo ni kwa mizigo yote ya abiria mmoja, viatu na miswaki ikiwemo. Abiria anaruhusiwa kutangaza thamani kubwa zaidi anapokabidhi mzigo na kulipia nyongeza. Asipofanya hivyo, kwa kawaida hana pa kudai zaidi. Tena bunduki ikifika imepasuka kitako, malalamiko yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7, na siku hizo ndizo mwenyewe yuko porini anafukuza nyati, simu haishiki.

Bima ya kawaida ya safari haimwokoi. Nyingi huzitenga silaha waziwazi, au huweka kiwango cha juu kwa kila kitu kimoja ambacho hakitoshi hata kununua darubini ya bunduki hiyo. Kinachotakiwa ni bima ya silaha yenyewe, inayotaja nchi zote za safari pamoja na viwanja vya kupitia, na yenye thamani waliyokubaliana mapema mwenye mali na kampuni ya bima.

Msomaji wa hapa Mpale, wilayani Korogwe, atauliza: hasara ya tajiri wa Texas inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu sana. Nchini mwetu bunduki ikipotea si suala la mali tu, ni la polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mgeni ana tiketi ya kurudi kwao. Wanaobaki kuulizwa ni dereva aliyempokea, mlinzi wa kambi na kijana aliyembebea bunduki. Nani alikuwa na funguo? Nani alilala kwenye gari? Silaha ilikuwa na darubini au haikuwa nayo? Pasipo karatasi, ni kauli ya mteja anayelipa makumi ya maelfu ya dola dhidi ya kauli ya kibarua kutoka Korogwe au Handeni. Tunajua ipi husikilizwa kwanza.

Bima huweka karatasi hizo mezani. Kampuni ya bima haimwamini mtu kwa sura. Inataka namba ya silaha, picha, hati ya mthamini, sanduku gumu lenye kufuli, na silaha isiachwe ndani ya gari lisilo na mtu. Masharti hayo yamewekwa ili kampuni ya bima isiibiwe. Lakini ndiyo hayo hayo yatakayomwokoa mlinzi wa kambi siku ya kuhojiwa, kwa kuwa yanaonyesha kilichopokewa, lini, na kikiwa katika hali gani.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kampuni za uwindaji ndizo zinazomshughulikia mteja kibali cha muda cha kuingiza silaha. Zidai nakala ya bima wakati huo huo, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) ilifanye hilo sharti. Kila makabidhiano, kuanzia uwanja wa ndege hadi garini na kambini, yaandikwe kwenye daftari na kusainiwa na pande zote mbili. Wapo watakaosema tutawafukuza wateja kwa urasimu. Hatukubali. Aliyekwisha kulipia safari ya nyati hatakimbia ukurasa mmoja, na asiyetaka usumbufu akodi bunduki ya kampuni.

Lipo pia la mtu mwenyewe. Ni aibu bunduki iwe na bima na aliyeibeba begani asiwe nayo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) upo, na kumchangia mfanyakazi ni wajibu wa mwajiri, hata kama kazi iko kilomita mia tatu kutoka barabara ya lami. Kambi inayoajiri kwa maneno ya mdomo, bila mkataba, haistahili kitalu cha uwindaji.

Na wewe kijana wa Mpale unayeitwa kambini Selous au Rungwa msimu huu, dai mkataba kabla hujapanda gari. Ukikabidhiwa sanduku la bunduki, lifunguliwe mbele yako, soma namba, iandike, msaini wote wawili, na nakala moja ibaki mfukoni mwako.